Wi-Fi inashika na kuachia: soma dalili kabla ya kufuta chochote kwenye simu yako ya Android

Simu ya Android ikianza kusumbua kwenye Wi-Fi, hapa Lubumbashi wengi hupita njia moja: wanaizima na kuiwasha, wanafuta mipangilio, kisha wanaipeleka kwa fundi kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya. Mara nyingi pesa hiyo inakwenda bure, maana simu ni nzima. Kosa liko kwenye ruta iliyofichwa nyuma ya friji, kwenye adapta iliyochoshwa na umeme unaopanda na kushuka, au kwenye mega (data ya kifurushi) zilizoisha tangu asubuhi bila mwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba, kujua. Kuna siku simu ndiyo yenye kosa kweli, na hapo pia kosa huwa ni swichi moja tu ndani ya mipangilio. Ninasisitiza utaratibu kwa sababu nimeona watu wakipoteza picha za watoto wao na namba zote kwa kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, kumbe ruta ndiyo iliyokuwa haipati umeme wa kutosha.

Njia ya intaneti ya nyumbani ina vipande vitatu. Kuna hewa kati ya simu na ruta. Kuna ruta yenyewe, ambayo hupokea kila simu na kuipa anwani. Halafu kuna njia ya kutoka kwenye ruta hadi nje: laini ya 4G ndani ya modemu, antena juu ya bati, au waya wa faiba. Alama ya Wi-Fi iliyo juu ya kioo inapima kipande cha kwanza peke yake. Inaweza kujaa kabisa huku kipande cha tatu kimekufa.

Simu nyingi za mji huu zinasoma Kifaransa, kwa hiyo pale ambapo jina la menyu linaweza kukupoteza nitaliandika kwa Kifaransa pia.

## Pima kwanza ni kipande gani kimekatika

Tafuta simu ya pili. Simama nayo mahali pale pale, iunganishe kwenye Wi-Fi ile ile, na uzime data ya laini kwenye simu zote mbili. Hilo la kuzima data usiliruke. Android ikiona Wi-Fi haifiki nje, simu nyingi huhamia kimyakimya kwenye mega za laini. Utasema "simu ya dada inafanya kazi, yangu ndiyo mbovu", kumbe ya dada inakula mega zake.

Simu zote mbili zikishindwa, iache yako ipumzike, nenda kwenye ruta. Moja ikifaulu na nyingine ikashindwa, kosa liko kwenye hiyo iliyoshindwa, au kwenye jinsi ruta inavyoipokea.

Kipimo cha pili: gusa jina la mtandao kwenye orodha ya Wi-Fi, fungua maelezo yake, utafute anwani ya lango, "Passerelle" kwa Kifaransa. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, modemu nyingi za 4G hutumia 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka haraka, kipande cha kwanza na cha pili ni vizima, mara nyingi tatizo liko nje. Ukikataa kufunguka, au ukifunguka kwa kusuasua, tatizo liko ndani ya nyumba.

Mwenye kutaka uhakika zaidi aweke programu yoyote ya kupima ping, yaani kutuma ombi dogo na kungoja jibu. Pima lango kwanza, kisha 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google, kisha jina kama google.com. Lango likijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, njia ya nje imekatika. Namba zikijibu lakini jina lisijibu, kosa ni la DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Nitairudia hapa chini.

## Inasema imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi zaidi kwa mafundi, na ndiyo yenye vyanzo vingi zaidi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Kwa Kifaransa utasoma "Connecté, sans accès à Internet", na kwenye alama ya Wi-Fi unaona alama ya mshangao.

Inafaa kujua simu inaamuaje. Kila inapojiunga na mtandao, Android hutuma ombi dogo kwenye kompyuta za Google na kungoja jibu tupu lenye namba 204. Jibu hilo likija, simu inasema mambo ni mazuri. Likija jibu jingine, simu inahisi kuna ukurasa wa kuingilia na inakuletea taarifa ya kujiandikisha. Lisipokuja kabisa, unaona alama ya mshangao. Kwa hiyo ujumbe huo unasema simu imefika kwenye ruta salama, ila haikufika nje.

Chanzo cha kawaida zaidi ni mega kuisha. Kabla hujafungua menyu yoyote, muulize mwenye ruta kwa adabu: "Papa, mega bado ziko?" Modemu ikitumia laini ya simu, hata kifurushi cha mwezi mzima huweza kuisha mapema, kwa sababu simu kumi na televisheni moja zinazopakua masasisho usiku hula mega kuliko mtu anavyofikiri. Ingia kwenye ukurasa wa modemu uangalie ujumbe mfupi wa laini. Taarifa ya kuisha kwa kifurushi mara nyingi hulala humo, haisomwi na mtu.

Kisha tazama taa za ruta. Taa ya intaneti ikiwa nyekundu au imezimika, huku ya Wi-Fi inawaka, hakuna unachoweza kurekebisha kwenye simu. Na kuna siku ambapo hata mtoa huduma wako hana la kufanya haraka. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari kwenye korongo la mto Kongo yalikata kebo za WACS na SAT-3, na Machi 2024 kebo nne za pwani ya Afrika Magharibi ziliharibika kwa pamoja. Siku kama hizo kurasa nyingine zinafunguka na nyingine hazifunguki. Dalili yake ni kwamba majirani wanaotumia kampuni ile ile wanalalamika wote pamoja. Ngoja, usifute chochote.

Ikiwa simu za wengine zinapata intaneti na yako peke yake haipati, pita kwenye mambo manne yafuatayo.

Tarehe. Simu iliyokaa bila chaji muda mrefu, hasa isiyo na laini ndani, inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti na programu huthibitishana kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu ikidhani tuko mwaka mwingine, inavikataa vyote. WhatsApp yenyewe hukuambia tarehe si sahihi. Saa moja ya kupishana kati yetu na Kinshasa haitoshi kuleta tatizo hili, lakini siku, mwezi au mwaka ukikosewa, kila kitu kinakwama. Washa tarehe na saa za kujiweka zenyewe, au ziweke kwa mkono.

VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine. Watu wengi wanayo, na wengi wameisahau. VPN ya bure ikishindwa kufika kwenye kompyuta yake, inaziba intaneti yote ya simu. Tafuta alama ya ufunguo juu ya kioo, kata VPN, ujaribu tena. Angalia pia ndani ya mipangilio ya VPN kama kuna chaguo linalolazimisha iwe imewashwa daima.

DNS ya Faragha, "DNS privé". Ipo tangu Android 9. Wengine huandika humo jina la huduma ya kuzuia matangazo kisha wakasahau. Mtandao ukizuia mlango ambao DNS hiyo inautumia, simu haifunguki popote, ingawa nyingine zote zinafanya kazi. Irudishe iwe ya kiotomatiki.

Anwani iliyowekwa kwa mkono. Kama mtu aliwahi kuiandikia simu anwani ya IP kwa mtandao huu, inaendelea nayo hata ruta ikibadilishwa na isiikubali. Kwenye maelezo ya mtandao, chini ya mipangilio ya IP, chagua DHCP, yaani ruta yenyewe iipe simu anwani.

## Inazunguka kwenye "inapata anwani ya IP" bila kumaliza

Hapa simu imekubaliwa na ruta ila haijapewa namba. Modemu ndogo za mfukoni zina kikomo cha wageni. Nyingi hukubali kati ya 10 na 32. Kwenye vyumba vya wanafunzi wa Kasapa, ambako kode moja huzunguka korido nzima, kikomo hicho kinafikiwa kabla ya saa mbili usiku. Aliyetangulia anapata, aliyechelewa anazunguka. Ishara yake ni kwamba mtu mmoja akizima Wi-Fi yake, yako inaingia mara moja.

Ruta kubwa zaidi nazo huweza kuishiwa namba. Nyingine zimewekwa kugawa anwani 50 tu, na kila anwani inabaki imeshikwa kwa saa 24 hata kama mgeni aliondoka zamani. Mwenye ruta anaweza kuongeza idadi kwenye ukurasa wa DHCP, au kupunguza muda wa kushika uwe saa 2. Kama hajui kuingia humo, azime ruta kwa nusu dakika na kuiwasha. Nyingi husahau orodha ya zamani. Na kama watu wasiojulikana wamejaa, dawa ni kubadilisha nenosiri, ingawa hilo linahitaji ujasiri kwa majirani.

## Inakataa nenosiri ambalo una hakika nalo

Mambo haya ni mepesi. Gusa jicho ili uone unachoandika. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono haitofautishi 0 na O, wala 1 na l. Kama nenosiri lilibadilishwa kwenye ruta, simu inaendelea kutumia la zamani hadi uiambie isahau mtandao, "Oublier", kisha uandike upya.

Njia nzuri zaidi ni kutoandika kabisa. Kuanzia Android 10, simu iliyokwisha unganishwa inaweza kuonyesha mraba wa QR kwenye maelezo ya mtandao. Unaupiga picha kwa simu nyingine na imeingia.

Nenosiri likiwa sahihi kabisa na simu ikaendelea kukataa, angalia aina ya ulinzi kwenye ruta. Ruta mpya huweza kuwekwa WPA3 peke yake, na Android ilianza kuielewa kwenye toleo la 10, mwaka 2019. Simu za kabla ya hapo zitashindwa daima. Weka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES. Usirudi kwenye TKIP ya zamani: pamoja na udhaifu wa ulinzi, inabana kasi isizidi megabiti 54 kwa sekunde.

## Inakatika kila baada ya muda

Jiulize lini, na wapi. Majibu ya maswali hayo mawili yanakupeleka kwenye vyanzo tofauti kabisa.

Ikiwa inakatika kwa simu zote, saa zozote, na taa za ruta zinaanza kuwaka upya kama imewashwa sasa hivi, ruta inajizima kwa kukosa umeme wa kutosha. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa mji wetu. Volti hupungua jioni watu wote wanapopika, hupanda ghafla baada ya delestaji (mgao wa umeme), na adapta ndogo ya ruta hupigwa kila mara. Adapta iliyochoka huonyesha volti sahihi ikipimwa bila mzigo, kisha hushuka ruta ikianza kazi nzito. Ndiyo maana inazimika hasa mtu anapofungua video. Ukinunua nyingine, volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta, mara nyingi 12. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Na upande wa chanya na hasi kwenye ncha uwe ule ule. Adapta ya volti 9 kwenye ruta ya 12 inaweza kuwasha taa zote na bado ikaleta mikatiko ya siku nzima. Mwenye uwezo aweke stabilizateri (kifaa cha kusawazisha umeme), au betri ndogo ya akiba ya volti 12 ya ruta. Betri hiyo inaibeba ruta saa kadhaa, na inaikinga na mshtuko wa umeme unaporudi.

Umeme ukirudi, ruta huchukua dakika kadhaa kuipata njia ya nje. Simu iliyojiunga mapema huandika moyoni mwake kwamba mtandao huu hauna intaneti, na huweza kuukwepa. Zima Wi-Fi ya simu, hesabu hadi kumi, iwashe. Haihitaji zaidi.

Kuanzia Novemba hadi Machi ongeza radi. Katanga inapigwa sana, na radi haihitaji kuigonga nyumba yako. Inaingia kwa waya wa umeme au kwa kebo inayoshuka kutoka kwenye antena. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa vyote viwili. Ruta iliyopigwa kidogo huwa na tabia ya kudanganya: Wi-Fi inaonekana, ukurasa wake unafunguka, lakini tundu la kebo limeungua na intaneti haiingii tena.

Ikiwa inakatika chumbani tu na si sebuleni, ni umbali na kuta. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu, mazito na manene. Ukuta mmoja Wi-Fi inapita, wa pili inachoka, wa tatu karibu haipiti. Bati la paa, geti la chuma, friji na tangi la maji ni vibaya zaidi ya tofali, kwani maji na chuma huyameza au kuyarudisha mawimbi. Pakua programu ya kupima nguvu ya Wi-Fi, usome namba ya dBm. Namba ni hasi: −50 ni nzuri sana, −67 bado inatosha kwa simu ya video, chini ya −75 mikatiko inaanza, na kwenye −85 unabaki na jina la mtandao tu. Tembea nyumba nzima ukiisoma. Kusogeza ruta kutoka sakafuni hadi juu ya kabati, mita mbili mbali na friji, kumetatua matatizo mengi kuliko simu mpya. Ila usiiweke ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi. Afadhali uifunge ukutani.

Ruta yenye masafa mawili hutoa 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 5 ina kasi, lakini inakufa mapema kwenye kuta. Zikiwa na jina moja, simu iliyoshika 5 sebuleni huweza kuing'ang'ania hadi chumbani inapokata roho, ndipo irukie 2.4, wewe unaona kukatika kwa sekunde kadhaa kila unapotembea. Zipe majina mawili tofauti, na simu ya chumbani itumie 2.4.

Ikiwa inakuwa nzito jioni na nyepesi alfajiri, tazama majirani. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Katuba au Kamalondo, ambako parseli zimebanana, unaweza kuona mitandao 20 kwenye orodha, na mingi ikiwa imerundikana chaneli moja. Ni kama taksi-bisi yenye watu wote wanaoongea na simu: kila mmoja anarudia sentensi yake mara tatu. Programu ile ile ya kupima itakuonyesha ni chaneli gani ina nafasi. Iweke kwa mkono kwenye ruta, na upana uwe 20 MHz, usiwe 40. Usishangae ikisoma polepole: tangu Android 9, programu inaruhusiwa kutafuta mitandao mara 4 tu ndani ya dakika 2.

Spika au visikilizio vya Bluetooth navyo viko kwenye 2.4 GHz. Muziki ukikwaruza na Wi-Fi ikasinzia kwa wakati mmoja, hamia 5 GHz kama simu inayo.

Ikiwa inakatika kioo kikizimika, na ujumbe wa WhatsApp unamiminika wote ukifungua simu, hapo ruta haina kosa. Ni simu inayookoa betri. Tecno, Infinix, Itel, Xiaomi na Samsung zote zina njia zao za kulaza programu, juu ya zile za Android yenyewe. Zima kwanza kiokoa betri na ujaribu usiku mmoja. Ikipona, kiwashe tena, lakini nenda kwenye betri ya programu unayoihitaji na uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Angalia pia kiokoa data, kwani kinazuia programu za nyuma kwenye mtandao uliowekwa kuwa wa kupimwa. Programu za kuahidi kuongeza kasi ya simu na kusafisha kumbukumbu ziondoe zote. Nyingi zinaua kile unachokihitaji.

## Mtandao hauonekani kwenye orodha, ingawa wengine wanauona

Simu za bei nafuu nyingi zina redio ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiwa imebaki na 5 GHz tu, kwao haipo. Hilo linaonekana zaidi mtu akishiriki intaneti kutoka simu kubwa, kwani simu hiyo huweza kuchagua 5 GHz.

Chanzo kingine kinawapata wenye simu zilizotumika zilizotoka Marekani, zile zinazoingia kwa bei nzuri. Kule 2.4 GHz hutumika chaneli 1 hadi 11. Ruta nyingi zinazouzwa kwetu zinaweza kuchagua 12 au 13, na simu hiyo huweza kutozisikiliza. Leo inauona mtandao, kesho ruta ikijichagulia 13 haiuoni tena, na mwenye simu anaapa ameuziwa bandia. Iweke ruta kwenye 1, 6 au 11 tatizo liishe.

## Wi-Fi ya tiketi

Mitaa mingi sasa ina mtu anayeuza Wi-Fi kwa saa au kwa siku. Ukurasa wa kuandika kode usipotokea, kata VPN, rudisha DNS ya Faragha iwe ya kiotomatiki, zima data ya laini, kisha andika anwani ya lango kwenye kivinjari. Karibu kila mara ukurasa utajitokeza.

Kuna malalamiko mengine: tiketi inasema tayari inatumiwa na mtu mwingine. Muuzaji anakushuku umeigawa, wewe unamshuku amekuibia. Sababu inaweza kuwa ya tatu. Simu za kuanzia Android 10, zisipobadilishwa mipangilio, hazipeleki tena anwani halisi ya MAC (namba ya kutambulisha kifaa) kwa kila mtandao; zinatunga anwani tofauti kwa kila jina la Wi-Fi. Muuzaji akiwa na antena mbili zenye majina mawili, mfumo wake unaiona simu yako kama simu mbili. Kwenye maelezo ya mtandao, sehemu ya faragha, unaweza kuchagua kutumia MAC ya kifaa. Fanya hivyo kwa mitandao yote miwili ya muuzaji huyo kabla ya kuandika kode. Dawa ni hiyo hiyo kwa ofisi ambazo ruta yake inakubali tu simu zilizoandikwa kwenye orodha.

## Intaneti ya kupewa na simu ya mwenzako

Hotspoti ya simu hujizima yenyewe isipokuwa na mgeni kwa dakika chache. Basi ukitoka nje kidogo, ukirudi unaikuta imekufa. Mwambie mwenzako azime huko kujizima kwenye mipangilio yake. Kiokoa betri chake kikiwaka, au simu ikipata moto kwenye joto la Oktoba, napo itakatika. Iwekwe kwenye kivuli, itolewe kifuniko, isilazwe kitandani.

## Kabla ya kuweka upya mipangilio

Kama kosa ni la simu na hatua zote zimeshindwa, anza na hali salama: shikilia kitufe cha kuzima, kisha bonyeza kwa muda neno la kuzima hadi simu ikuulize. Humo programu ulizopakua zinalala. Wi-Fi ikitulia, mojawapo ya programu hizo ndiyo mchawi. Ondoa za karibuni, moja moja.

Isipotulia, weka upya mipangilio ya mtandao; iko chini ya Mfumo, sehemu ya kuweka upya. Haifuti picha wala ujumbe. Inafuta mitandao yote iliyohifadhiwa na vifaa vya Bluetooth, kwa hiyo piga picha ya mraba wa QR wa kila mtandao muhimu kwanza. Kwenye matoleo ya zamani inagusa hata mipangilio ya laini. Kurudisha simu kiwandani ni hatua nyingine, na kwa Wi-Fi ni nadra sana kuhitajika.

## Swichi haiwaki, au inashika karibu na ruta tu

Swichi ya Wi-Fi ikikataa kuwaka, na anwani ya MAC kwenye maelezo ya simu ikionekana haipatikani au 02:00:00:00:00:00, chipu yenyewe imeharibika au programu yake imevurugika baada ya sasisho. Sasisho jipya linaweza kuiponya ya pili. Ya kwanza inahitaji fundi mwenye vifaa vya joto, na kwa simu ya bei ndogo gharama huweza kukaribia bei ya nyingine.

Ikishika tu ukiwa karibu na ruta, kwanza ondoa kifuniko cha chuma au chenye sumaku. Kisha kumbuka kama simu ilianguka au ilibadilishwa kioo au betri. Antena ya Wi-Fi huungana na bodi kwa vibati vidogo vya chemchemi au kwa waya mwembamba unaobonyezwa kwenye tundu lake. Fundi mwenye haraka hufunga simu bila kuurudisha. Kazi ya kuurudisha ni ya dakika chache, usikubali kuuziwa bodi. Mwombe afungue mbele yako, na kabla ya kulipa toka nje ya duka, weka ukuta mmoja kati yako na ruta yake, ufungue video. Ukijaribia kando ya ruta utadanganyika, kwa sababu pale hata simu isiyo na antena inashika.